Jiko la futi 10 kwa 9 hapa Kange: sinki, kaunta na gesi nivipange vipi kabla fundi hajamwaga zege?

#1 Binti Kange

Wagosi na wasio wagosi, habari za jioni.

Nyumba yetu ya Kange, hapa Tanga mjini, imefika hatua ya plasta. Chumba cha jikoni kina mita 3 kwa mita 2.7, kama futi 10 kwa 9, na kimekaa nyuma ya nyumba. Ukisimama katikati ukatazama kaskazini, mbele yako kuna ukuta mrefu wa mita 3 wenye dirisha katikati. Kushoto, magharibi, kuna mlango wa kutokea uani. Kulia, mashariki, kuna mlango wa ukumbini. Milango yote miwili iko upande wa kusini na inatazamana, kwa hiyo mtu anayetoka ukumbini kwenda uani anapita mstari mmoja ulionyooka.

Fundi kanichorea hivi: sinki chini ya dirisha, katikati ya ukuta mrefu. Jiko la gesi kwenye ukuta wa magharibi, ubavuni mwa mlango wa uani. Friji ukuta wa kusini, ng'ambo ya njia. Kaunta yote kimo kimoja, sentimita 90, anasema ndicho kipimo cha kawaida. Wiki ijayo anataka kumwaga. Mabomba bado hayajafukiwa, kwa hiyo nafasi ya kubadilisha ipo.

Nyumba yetu inapika kweli. Asubuhi chai na mihogo au maandazi ya mbaazi, mchana wali na samaki, usiku ugali au chapati. Mezani watu sita, wikiendi huzidi. Tunapika mimi na mdogo wangu, na mume wangu akiwa nyumbani samaki ni wake, hagusi mtu mwingine. Sitaki jikoni la kupigia picha. Nataka nipike bila kuzungukazunguka na bila mgongo kuniuma. Picha ninazoziona mitandaoni zote zina kisiwa katikati na hakuna hata moja mtu anakuna nazi.

Mnashauri nini?

#2 Pweza Mkavu

Weka kisiwa dada, na viti virefu vya kuzunguka. Tutakuja kunywa juisi ya ukwaju hapo.

#3 Fundi wa Pongwe

Pweza acha utani, hesabu haikubali. Kutoka kaskazini hadi kusini ana mita 2.7. Toa sentimita 60 za kaunta, toa mita 1 ya kusimama mbele yake, toa mita nyingine 1 ya njia ya milango. Kinabaki kisiwa cha sentimita 10. Cha kuegemezea mwiko.

Binti Kange, mimi ni mwashi, kaunta nimemwaga nyingi hapa mjini. Fundi wako si mjinga, anafuata mazoea, maana wenye nyumba wengi wanataka sinki dirishani. Lakini tazama kinachotokea. Sinki yenye ubao wa kuchuruzia vyombo inakula karibu mita 1. Ukiiweka katikati, kila upande unabaki na mita 1. Upande wa kushoto, kwenye jiko, sentimita 60 zinamezwa na kona, unabaki na kipande cha sentimita 40. Upande wa kulia una mita nzima, nzuri, lakini iko mbali na moto. Utakata kitunguu kule, upite na ubao mbele ya sinki hadi kwenye moto, na mdogo wako yupo hapo anaosha vyombo. Mtakuwa mnapishana siku nzima kama bajaji za Mkwakwani siku ya mechi.

Na friji ukuta wa kusini maana yake kila anayefungua mlango wa friji anafunga njia ya uani.

#4 Msomi wa Chumbageni

Ngoja niwape nadharia kidogo. Kuna kanuni maarufu ya pembetatu, iliyoenezwa na Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, miaka ya 1940. Unachora mstari kutoka sinki hadi jiko, jiko hadi friji, friji hadi sinki. Kila upande uwe kati ya futi 4 na 9, na jumla ya pande tatu iwe kati ya futi 13 na 26, yaani kama mita 4 hadi karibu 8. Ikizidi hapo unachoka kwa kutembea, ikipungua mnabanana.

Nimeuweka mchoro wa fundi wako kwenye karatasi. Jumla inakuja kama mita 5 na kitu. Kwa kanuni hiyo, fundi amefaulu.

#5 Mama Ilham

Basi pembetatu imefaulu na vitunguu vimeungua.

Mimi napika biashara, Ngamiani. Mchana napeleka chakula maofisini, wikiendi shughuli za watu. Hiyo pembetatu nimeshaisikia, na si mbaya kwa mtu mmoja anayepika peke yake mlango umefungwa. Kwenu mnapika wawili, na watoto wanaingia kuchota maji ya baridi. Kanuni haisemi lolote juu ya kaunta iliyoko katikati ya hizo pointi tatu, na kazi yote iko pale.

Fuata chakula kinavyokwenda. Samaki anatoka kwenye friji au anatoka uani kaparuliwa. Anapita kwenye maji. Anakuja ubaoni: anachanjwa, anapakwa ndimu, chumvi, kitunguu saumu. Kisha motoni. Kisha anapakuliwa. Wali wa nazi njia yake ni hiyo hiyo, na kisamvu pia. Kwenye maji unakaa muda mfupi. Kwenye moto unakuja na kuondoka. Unapokaa ni ubaoni. Kwa hiyo kaunta ndefu kuliko zote iwe kati ya sinki na moto, bila kitu cha kuikata. Sentimita 90 ni kidogo, mita 1 na zaidi ndiyo raha, maana hapo kuna ubao, ungo, bakuli la viungo na blenda, vyote kwa pamoja.

Halafu, upande wa pili wa moto acha nafasi ya kuteremshia. Nusu mita inatosha. Sufuria la mbaazi linalofurika halikungoji utafute pa kuliweka.

Friji peleka mlangoni mwa ukumbi. Mtoto akitaka maji afungue, achukue, aondoke, asipite nyuma ya mtu mwenye mafuta ya moto.

#6 Kibarua Msomi

Kuongezea kwa Msomi: mwaka 1926 mbunifu wa Austria, Margarete Schütte-Lihotzky, alichora jikoni la nyumba za gharama nafuu za Frankfurt, Ujerumani, mita 1.9 kwa 3.4, na moja ya vitu alivyovitazama ni jikoni la behewa la chakula kwenye treni. Yakajengwa kama 10,000. Eneo lake ni dogo kuliko la Binti. Kwa hiyo udogo wa chumba si tatizo.

#7 Shangazi wa Duga

Asalaam alaykum wanangu. Nimesoma yote. Nyote mnasimama.

Kuchagua mchele mtu anasimama? Kuchambua mchicha? Kukuna nazi je, mbuzi utampandisha juu ya kaunta? Nusu ya kazi ya chakula chetu ni ya kukaa, na mkiipeleka kwenye kaunta mtaumwa miguu mje kulalamika hapa. Mimi miaka yote nasukuma chapati nimekaa kwenye kigoda, ubao mbele yangu, na mgongo wangu mzima.

Binti, kabla hujamaliza hela kwenye kaunta ya ndani, tengeneza uani. Baraza la kukalia, kimo cha sentimita 40 au 45, liwe na paa, mvua ya masika isikukimbize. Pembeni karo la kuparulia samaki na kuoshea masufuria makubwa. Jiko la mkaa likae hapo hapo, la maharage na la kubanika mihogo. Magamba ya samaki na machicha ya nazi yaishie uani. Ukiyapeleka kwenye sinki ya ndani, bomba litaziba, na harufu utaisikia hadi sebuleni.

#8 Binti Kange

Shikamoo shangazi. Nakiri mchoro wa uani sijauomba kabisa, fundi naye hajausema. Paa la uani lipo kwenye ramani, upana wa mita 2, karo halipo. Naliongeza.

Mama Ilham, nimeelewa. Kwa hiyo sinki inahama. Swali: ikihamia magharibi karibu na mlango wa uani, na jiko likaja ukuta mrefu, upepo na moshi vitakaaje? Mume wangu anakaanga samaki kwa moto mkali.

#9 Hapana Kazi

Mnajisumbua. Nyumba nyingi hapa Tanga jikoni la ndani ni la kuwaonyesha wageni, watu wanapika uani. Weka friji, weka birika la chai, funga mlango.

#10 Mama Ilham

Ni kweli wengi wanayakimbia, na sababu zinaonekana ukiingia. Dirisha dogo, joto linakupiga usoni, kaunta ndefu kuliko mpishi, taa moja nyuma ya kichwa chako. Nani atakaa humo? Mtu akipangiwa vizuri anapika ndani, hasa alfajiri wakati wa daku na siku za mvua.

#11 Nahodha wa Sahare

Swali la upepo nipeni mimi, ndiyo kazi yangu.

Kusi inatoka kusini na kusini mashariki, kuanzia karibu Aprili hadi Septemba. Kaskazi inatoka kaskazini mashariki, kuanzia Desemba hadi Machi. Kwa hiyo karibu mwaka mzima upepo wako una umashariki ndani yake. Nyumba ambayo jikoni liko upande wa mashariki inaletewa harufu ya samaki sebuleni na vyumbani kila siku. Wewe jikoni lako liko nyuma, magharibi. Upepo unaingia vyumba vya mbele, unapita ukumbini, unatokea mlango wa uani na kuondoka na moshi. Mungu kakupangia vizuri, usiharibu. Umande, ule upepo wa alfajiri, ndio utakaogeuza, unatoka bara kwenda baharini, lakini ni mwepesi na jua likipanda unakufa.

Mambo mawili. La kwanza, mwambie fundi aache matundu ya hewa juu ya ukuta wa magharibi, karibu na dari, maana hewa ya moto inapanda. Dirisha peke yake halitoi kile kinachoning'inia juu. La pili, jiko la gesi lisikae mbele ya uwazi. Ubavuni mwa mlango wa uani, kama alivyochora, mlango ukifunguliwa ghafla moto unalala upande mmoja, au unazimika huku gesi inatoka. Chini ya dirisha la kaskazini vilevile, miezi ya kaskazi.

Na jua la saa 10 alasiri litakuwa linaupiga ukuta huo wa magharibi. Mwezi wa Ramadhani ndio saa mnayopika futari. Paa la uani likifika mita 2 litakukinga. Usilipunguze.

#12 Fundi wa Pongwe

Nahodha kasema. Sasa nakuwekea vipimo, Binti, mpe fundi wako.

Anza ukuta wa magharibi. Kutoka kona ya kaskazini magharibi kuja kusini kaunta iende mita 1.7, halafu ndipo mlango. Weka sinki hapo, bakuli lielekee mlangoni, ubao wa kuchuruzia uelekee kona. Kona ile hakuna anayesimama mbele yake, kwa hiyo iwe ya vyombo vinavyokauka. Faida nyingine: bomba la maji machafu linatoka ukutani moja kwa moja hadi uani. Tumia bomba la inchi 2, na mteremko wa sentimita 2 na nusu kwa kila mita, likilala litajaza mafuta.

Ukuta mrefu, ukitoa kona mbili za sentimita 60, unabaki na mita 1.8 ya kusimama mbele yake. Kushoto mita 1.1 ya kukatia, hii ndiyo ya Mama Ilham. Kulia sentimita 70 za jiko la plate mbili. Kona ya kaskazini mashariki ndiyo ya kuteremshia, inagusana na jiko.

Ukuta wa mashariki kaunta inaendelea kidogo, nusu mita, halafu friji, halafu mlango wa ukumbini. Usiibandike friji na jiko, joto litaifanya ihangaike na umeme uishe. Kaunta hiyo ya nusu mita ndiyo ya kutulia kikapu ukitoka soko la Mgandini.

Katikati unabaki na mita 1.8 kati ya kaunta ya magharibi na ya mashariki. Anayeosha na anayepika kila mmoja ana nafasi yake bila kugusana. Njia ya milango inabaki mita 1 upande wa kusini, haimgusi mpishi.

Dirisha la alumini la kusukuma hufunguka nusu tu. Nusu inayofunguka iwe ya kushoto, juu ya kaunta ya kukatia, na iliyo karibu na jiko ibaki imefungwa. Pazia usiweke kabisa.

#13 Msomi wa Chumbageni

Nimechora upya. Pembetatu bado imefaulu, jumla iko kati ya mita 5 na 6 kama ile ya kwanza.

#14 Mama Ilham

Umeona sasa? Jumla ile ile, jikoni mbili tofauti.

#15 Binti Kange

Fundi wa Pongwe, Mungu akubariki. Na kimo? Hiyo 90?

#16 Fundi wa Pongwe

90 ni wastani wa watu usiowajua. Simama bila viatu virefu, kunja kiwiko kama unashika kisu, pima kutoka sakafuni hadi chini ya kiwiko. Toa sentimita 10 hadi 15. Hapo ndipo uso wa kaunta ya kukatia unapotakiwa kuwa. Na pima ukiwa umehesabu unene wa vigae vya sakafuni na vya juu ya kaunta. Wengi wanapima kwenye zege tupu, sakafu ikipanda hesabu inaharibika.

#17 Binti Kange

Kiwiko ni sentimita 99. Mdogo wangu tunalingana.

#18 Fundi wa Pongwe

Basi 87 ya kukatia. Sinki ipandishe kidogo, 90, kwa sababu unapoosha mikono inashuka hadi chini ya bakuli, na bakuli lina kina chake.

Ila jiko ndilo linalosahaulika. Jiko la plate mbili linakaa juu ya kaunta, nalo lina kimo chake, sentimita 10 hadi 15. Juu yake sufuria la ugali, nalo 15. Ukiliweka juu ya kaunta ya 90 mdomo wa sufuria unafika 115 au 120, juu ya kiwiko chako. Utasonga ugali wa watu sita bega limenyanyuliwa hadi sikioni. Kipande hicho cha sentimita 70 kishushwe hadi 72. Mdomo wa sufuria utakuwa karibu na kiwiko, na ugali utausonga kwa uzito wa mwili, si kwa bega.

Fundi atalalamika, maana ni ngazi mbili kwenye mbao za kumwagia na vijikuta viwili vya kubeba. Mlipe.

#19 Shangazi wa Duga

Hili la kushusha jiko nimelipenda. Ndiyo maana jiko la mkaa halichoshi mkono, liko chini.

#20 Pweza Mkavu

Na mume mrefu anayekaanga samaki je? Atainama kama anatafuta sarafu.

#21 Mama Ilham

Anayekaanga hasongi, anageuza tu kwa upawa. Wanaosonga ni wawili na wanasonga kila usiku. Kaunta ipimwe kwa anayeitumia zaidi.

#22 Bin Kisosora

Mimi nazungumzia gesi, maana hakuna aliyegusa.

Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi, inatambaa sakafuni na kulala mahali pa chini. Matundu ya juu aliyosema Nahodha ni ya moshi na joto, hayasaidii gesi. Mtungi ukikaa ndani ya kabati la kaunta, lile kabati liwe na matundu chini kabisa, usawa wa sakafu, yanayotokea nje. Bora zaidi mtungi ukae nje. Kwa mpango huu jiko limegusana na ukuta wa nje wa kaskazini, kwa hiyo weka kizimba upande huo, karibu na kona ya mashariki, mbali na dirisha na mbali na chemba ya maji machafu, maana gesi ikiingia kwenye chemba haionekani. Kizimba kiwe cha nondo, wazi chini, chenye kufuli na kivuli, na mtungi usimame wima juu ya tofali, chumvi ya hewa yetu inakula kitako cha mtungi haraka.

Ukutani pitisha bomba la shaba ndani ya bomba jingine la kulikinga, mpira uwe mfupi ncha mbili tu. Mpira usipite nyuma ya moto. Ukimaliza kufunga, paka povu la sabuni kila kiungo. Povu likichemka kuna tundu. Kuna watu wanapima kwa kiberiti, jamani.

Mtungi wa kilo 15 unatosha nyumba kama yako, ule wa kilo 6 ukae kama akiba, gesi haichagui siku ya kuisha.

#23 Hapana Kazi

Mkaa unaleta ladha, gesi haina ladha.

#24 Bin Kisosora

Ladha ibaki uani kwa shangazi. Mkaa ndani ya chumba kilichofungwa unatoa gesi ya sumu isiyo na harufu, watu wanalala hawaamki. Na serikali ina mkakati wa kupikia wa 2024 hadi 2034, lengo ni asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi. Kwa hiyo jenga ukijua mkaa hautakuwa rahisi kuupata mbele ya safari.

#25 Seremala wa Makorora

Nakuja kwenye makabati, na nitasema jambo litakaloniharibia biashara. Chini ya kaunta usiweke makabati ya mbao za kubandikwa. Hewa ya Tanga ina unyevu na chumvi, zile mbao zinavimba kuanzia chini, bawaba zinapata kutu, baada ya miaka michache milango inaning'inia. Kama hela ipo weka alumini, au mbao nzito kama mninga. Kama hela haipo, jenga rafu za zege na tofali, pakia vigae, weka pazia zito upande usio wa jiko. Rafu ya chini kabisa inyanyuke sentimita 10 kutoka sakafuni na iingie ndani sentimita 7 au 8, vidole vya miguu vipate pa kuingia. Usipofanya hivyo utasimama mbali na kaunta na kuinama, mgongo ndio utakaolipa.

Makabati ya juu: kina cha sentimita 30 hadi 35, yaanze sentimita 50 juu ya kaunta. Juu ya jiko usiweke kitu.

#26 Mama Ilham

Mimi makabati ya juu siyataki kabisa, nusu ya vitu unavisahau humo. Rafu moja wazi, ndefu, juu ya kaunta ya kukatia, ya viungo na chumvi na mafuta. Misumari ya upawa, mwiko, kifumbu na kawa. Kitu unachokishika kila siku kikae kati ya nyonga na jicho. Sufuria la shughuli likae stoo.

#27 Seremala wa Makorora

Rafu wazi na mafuta ya kukaangia samaki? Utafuta vumbi lenye gundi kila Ijumaa.

#28 Mama Ilham

Nafuta. Kitu kikiwa wazi naona kuwa ni kichafu. Ndani ya kabati mende ndiye anayeona.

#29 Taa Kali

Umeme kwa kifupi. Taa moja katikati ya dari itakuwa mgongoni mwako, kivuli chako kitakaa juu ya ubao na kisu. Weka taa juu ya kaunta ya kukatia, mbele yako, na nyingine karibu na sinki. Soketi mbili pacha kwenye kaunta hiyo, sentimita 15 au 20 juu yake, mbali na maji na mbali na moto. Ya blenda na ya sufuria la presha la umeme, ambalo hula kama wati 1,000. Friji ipate soketi yake peke yake. Waya wa soketi uwe wa milimita za mraba 2.5, ule wa 1.5 ni wa taa. Na waya wa athi, ule wa kwenda ardhini, uwe umeunganishwa kweli, kwa sababu mtashika friji mikono imelowa.

#30 Binti Kange

Nimempelekea fundi mchoro mpya. Sinki imehamia magharibi kwa 90. Kaunta ya kukatia mita 1.1 kwa 87. Jiko limeshuka hadi 72. Friji mlangoni mwa ukumbi. Gesi nje upande wa kaskazini. Matundu ya juu magharibi. Uani karo, baraza la sentimita 43, na paa halipungui. Ubavuni mwa karo nafasi ya pipa la akiba, kwa siku ambazo maji ya bomba hayatoki.

Kwenye makabati nimegawanya: chini rafu za tofali, juu rafu moja wazi upande wa kukatia, na kabati moja dogo la alumini juu ya ubao wa kuchuruzia, la vikombe na sahani, ili zikikauka zisitembee. Mama Ilham na Seremala mtanisamehe wote wawili.

Fundi kauliza mawili. Uso wa kaunta uwe vigae au tarazo? Na sinki iwe ya bakuli moja au mawili?

#31 Fundi wa Pongwe

Tarazo, iliyosuguliwa vizuri. Vigae ni sawa ukutani, lakini juu ya kaunta manjano na tui vinakaa kwenye mistari na havitoki. Mwambie ukingo wa mbele auache na mfereji mwembamba kwa chini, maji yasitambae hadi kwenye rafu. Zege sentimita 7 au 8, nondo za milimita 10, asitoe mbao kabla haijakomaa.

#32 Mama Ilham

Bakuli moja kubwa. Bakuli mawili madogo sufuria la wali haliingii popote, na karo lako la uani ndilo bakuli la pili. Pima sufuria lako kubwa la kila siku kabla hujanunua.

#33 Binti Kange

Nimepima, sentimita 38 na masikio yake. Kesho naenda dukani na futi mkononi.